Muulize Fundi: Transfoma kwenye maiki ya kondensa ya kujiundia

Mwezi huu nimeweka kando maswali ya spika na ampu, manake barua zilizokuja kwa wingi ni za watu wanaojiundia maiki za kondensa, na karibu wote wamekwama pahali pamoja, kwenye transfoma ya kutolea sauti. Nimechagua nne, nimezifupisha kidogo.

SWALI. Fundi shikamoo. Nina studio ndogo ya nyumbani, narekodi kaswida na taarab kidogo. Niliagiza seti ya maiki ya kondensa ya kuunganisha mwenyewe, kapsuli (kile kiwambo kinachonasa sauti) ya milimita 34, bodi yake haina transfoma. Yafanya kazi lakini udi na sauti za kina mama zatoka kali, nyembamba, kila "s" yachoma sikio. Wenzangu waniambia nitie transfoma tu kati ya bodi na pini za XLR (plagi ya maiki), sauti itanona. Nitafute ya aina gani? — A.S., Majengo

JIBU. Marahaba mwanangu. Usitafute yoyote kwanza, manake ukiitia hapo walipokwambia maiki itanyamaza kabisa. Bodi yako yala stima ya 48V, ile ya fantomu, na stima hiyo yaja kwa waya zilezile mbili zinazopeleka sauti, pini ya 2 na pini ya 3, kila moja ikipitia risista ya 6.8k ndani ya miksa, alafu yarudi kwa pini ya 1. Sasa transfoma hupitisha sauti kwa sumaku, waya wa praimari (wa kuingilia) na wa sekondari (wa kutokea) haugusani, kwa hivyo DC, stima isiyobadilisha mwelekeo kama hiyo ya fantomu, haivuki. Ukiikatiza hapo njiani bodi itakosa stima na ikikosa stima hakuna sauti ya kuvusha. Maiki zilizopangwa na transfoma tangu mwanzo huchukua stima upande wa sekondari, ama pale katikati ya koili ama kwa risista mbili zinazolingana, alafu yapelekwa ndani kwa bodi kwa njia yake. Ni saketi nyingine kabisa, si kitu cha kuongezea juu ya iliyoko.

Na hata ungeweza, bado ungekuwa umetibu mguu na kinachouma ni jino. Kapsuli nyingi za milimita 34 zinazouzwa kwenye hizi seti ni nakala za K67 ya kampuni ya Neumann, ile iliyotiwa kwenye maiki ya U67 mwaka 1960 na baadaye U87 mwaka 1967. Kapsuli hiyo kwa umbo lake hupandisha sauti za juu, na waliounda U67 walijua, ndo mana saketi yao ina sehemu inayozishusha hizo hizo za juu ili mwisho wake pawe sawa. Mwenye kutengeneza seti ya bei rahisi achukua kapsuli hiyo aiweka kwenye bodi iliyonyooka isiyoshusha chochote, wewe wapata ule mlima wote sikioni. Waona? Ukali wako watoka kwa kapsuli na bodi kutojuana, transfoma haihusiki.

Dawa ya haraka, shusha desibeli tatu au nne hivi kuanzia kama hezi 8,000 kwenye programu yako ya kurekodi, uchukue udi tena usikilize. Dawa ya kudumu ni kubadilisha kapsuli utie ya mtindo wa K47, hiyo haina mlima mkubwa wa juu na kwa kawaida yaingia kwenye nyumba hiyo hiyo, ama uunde bodi yenye sehemu ya kushusha za juu. Mi ningeanza na kapsuli.

Na wala usione maiki isiyo na transfoma ni maiki pungufu. Neumann wenyewe walitoa TLM 170 mwaka 1983 na hizo herufi TLM maana yake ni maiki isiyo na transfoma, na mpaka leo zapigwa kwenye studio kubwa.

SWALI. Fundi, mimi najifunza elektroniki mwenyewe. Nataka kuunda maiki ya FET moja (aina ya transista), 2N3819, na transfoma ya kutolea. Za kuagiza nje bei yake naiogopa. Nina transfoma ndogo nilizotoa kwenye redio za zamani za transista, na nyingine kwenye chaja iliyoungua. Yoyote itafaa? Nitajuaje uwiano wake wa mizunguko ya waya, praimari kwa sekondari? Na kwa nini watu wengine watumia 10:1 na wengine 2:1? — Kijana wa Kisauni

JIBU. Swali zuri na nitalijibu kwa urefu, kaa na kalamu.

Kwanza ile ya chaja itupe kando. Kama ni chaja ya kisasa transfoma yake imetengenezwa kwa kasi ya maelfu mengi ya hezi na kiini chake ni feraiti, kwa sauti ya mtu haina kazi.

Sasa elewa kwa nini hii transfoma iko pale. Kapsuli ni kapasita ndogo sana, pikofaradi 60 hivi, haiwezi kusukuma hata waya wa nusu mita, ndo mana inafungwa FET hapo hapo karibu yake. FET yaichukua ile sauti, lakini kwenye dreni yake (mguu wa kutolea) mwatoka na impidansi kubwa bado, yaani ukinzani kwa sauti, tuseme umetumia risista ya 10k, basi ni kama 10k. Miksa yako yasubiri maiki ya omu 50 mpaka 200, mlango wake wenyewe ni omu 1,500 au zaidi kidogo. Transfoma ndo yashusha. Na hapa kuna hesabu moja lazima uishike: volti zashuka kwa uwiano, lakini impidansi yashuka kwa uwiano mara uwiano. Kwa 10:1 volti zapungua mara 10, yaani desibeli 20, na 10k yako yagawanywa kwa 100, yawa omu 100 ukiongeza na ukinzani wa waya wa koili zenyewe. Hapo miksa imefurahi. Na zile desibeli 20 ulizopoteza ndo FET ilikuwa imeshakuongezea kwenye dreni, manake FET ya miliampea 1 kwa volti ikiwa na mzigo wa 10k yakuza mara 10. Yapandishwa mara kumi, yashushwa mara kumi, kwa volti umerudi palepale lakini sasa una nguvu ya kusukuma waya mrefu mpaka kwa miksa.

Chukua sasa hiyo hiyo FET uifunge kwa 2:1 kwa tamaa ya kutopoteza volti. 10k gawanya kwa 4 ni omu 2,500. Ukiingia kwenye mlango wa omu 1,500 zaidi ya nusu ya sauti yako imepotelea njiani, na FET yenyewe imeelemewa. Kwa hivyo wanaotumia 2:1 si kwamba wamekosea, wao mbele ya transfoma wana saketi ingine, FET ama transista iliyopangwa kama foloa, ambayo tayari inatoa impidansi ndogo na haikuzi. Uwiano wafuata saketi. Ukiona mtu amekwambia transfoma fulani ni tamu bila kukuuliza saketi yako ni ipi, usitoe pesa yako.

Sasa hizo za redio. Uwiano peke yake hautoshi, kuna indaktansi ya praimari, yaani uwezo wa koili kuzuia mabadiliko ya stima, upimwao kwa henri, na hapa ndipo nyingi zinapoangukia. Sauti za chini zakatwa pale ambapo impidansi ya koili yalingana na ya FET inayoisukuma. Hesabu yake ni ukinzani gawanya kwa 6.28 mara henri. Kwa 10k na praimari ya henri 10 wapata hezi 159, yaani chini ya hapo besi yaanza kuporomoka, sauti ya mwanamume itatoka kama ya simu. Ukiwa na henri 100 wapata hezi 16, hapo sawa. Transfoma ndogo za redio za transista zilipangwa kusukuma spika ndogo ya inchi mbili tatu, hazikuhitaji besi, na praimari zake hazifiki henri hizo hata karibu.

Lakini usiniamini mimi, pima. Pakua programu ya kutoa toni kwenye simu, toa sauti kwa waya wa hedifoni. Kwa uwiano, ingiza toni ya hezi 400 upande wenye waya mchache, pima volti AC hapo, alafu pima upande wa pili, gawanya. Kwa indaktansi, funga risista ya 10k mfululizo na praimari, sekondari iache wazi, toni uianzie juu ukishuka pole pole, mpaka ufike pale volti juu ya risista na volti juu ya koili zinalingana. Hapo pia ndipo besi yako itakapokatika ukiwa na FET ya 10k, hakuna haja ya hesabu ingine. Ukishuka mpaka hezi 20 na koili bado ina volti nyingi kuliko risista basi umeokota kitu cha maana, kitunze. Angalizo, zile multimita rahisi za manjano upande wa AC zaanzia 200V, hazitakusomea hizi volti ndogo, azima yenye kusoma milivolti. Na usipime koili kwa upande wa omu wa multimita kama ni ya nikeli, manake yapitisha DC na yaweza kukiachia kiini usumaku.

Ukikosa ya kuokota, agiza. Kuna Lundahl wa Uswidi, kuna Cinemag na Jensen wa Marekani, hao wana karatasi za vipimo, soma uwiano na usome impidansi ya chanzo waliyoipimia. Hiyo ndo sehemu ya maiki ambayo kulipia kwafaa, risista na kapasita zote utazipata hapa mjini kwa pesa kidogo.

Kitu cha mwisho kwako: kati ya dreni na praimari lazima pawe na kapasita, manake DC ya FET ikipita kwenye koili kiini chashiba na sumaku kabla hujasema neno. Kwa henri 100 na 10k tia ya maikrofaradi 1 ya filamu. Kapasita na koili zina mlio wao wa pamoja, kwa vipimo hivi waangukia hezi 16 na yapanda desibeli moja na kitu tu, hutaisikia. Ukitia 0.47 mlio wapanda mpaka hezi 23 na kilima kinapita desibeli 3, kwa hivyo usipunguze hivi hivi.

SWALI. Salaam fundi. Sisi ni kikundi cha akina mama, tunarekodi ngoma zetu za harusi zisipotee, chakacha na nyinginezo. Mdogo wangu ametuundia maiki ya transfoma, sauti za kuimba ni nzuri mno wallahi, lakini msondo ukiingia karibu sauti yavurugika, yakoroma. Twapunguza kwenye miksa, yashuka lakini kukoroma kuko pale pale. Maiki ni mbovu? — Bi Z., Kibokoni

JIBU. Waalaykum salaam Bi Z., na kwanza hongereni sana, kazi mnayofanya ni kubwa, nyimbo nyingi za aina hiyo zaishia kwa wazee waliozijua na hakuna aliyezirekodi. Maiki si mbovu. Mwambie mdogo wako aketi nami hapa kidogo.

Kiini cha transfoma kina kiwango chake cha sumaku, kikifika hapo kimeshiba hakiongezi tena, na kilele cha wimbi chakatwa. Sasa jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kwa volti zile zile, sauti ya chini yabebesha kiini sumaku nyingi kuliko ya juu. Mlio wa hezi 40 wakibebesha mara kumi ya mlio wa hezi 400. Ndo mana mwimbaji akipaza sauti yake yote maiki yastahimili, na msondo ukipigwa pale karibu yaelemewa. Na kwa 10:1 praimari yabeba volti mara kumi ya zile mnazoziona zikitoka. Kama kiini ni cha nikeli nyingi, zile za mu-metali, hizo ni safi sana kwa sauti ndogo lakini zashiba kwenye tesla 0.8 hivi, chuma cha silikoni chafika mara mbili yake na zaidi ila nacho chataka waya mwingi zaidi kupata henri zile zile.

Kupunguza kwenye miksa hakusaidii kwa sababu uharibifu umeshatokea ndani ya maiki, miksa yapokea kitu kilichokwisha kukatwa. Punguzeni kabla ya transfoma. Njia ya bure ni kusogeza maiki, ukizidisha umbali mara mbili waokoa kama desibeli 6, na msondo hautaki maiki mdomoni hata hivyo, mwili wake wasikika vizuri ukiwa hatua mbili tatu. Njia ya pili mdogo wako atie swichi ya kufunga kapasita ndogo sambamba na kapsuli, ikiwa kapsuli ni pikofaradi 60 na yeye akatia 130 hivi, sauti yapungua karibu desibeli 10 kabla haijafika FET. Atumie ya stairofleksi au seramiki ya C0G, kapasita ya kawaida hapo italeta kelele. Na swichi iwe nzuri, isiyovuja.

Nao kama nzumari iko, nzumari ni kali lakini ni ya juu, kwa transfoma haina shida, itakayoelemewa hapo ni FET. Swichi hiyo hiyo yatibu yote mawili.

Ombi langu, msipige vyote mara moja kwenye maiki moja kama mna uwezo wa maiki mbili. Msondo na chapuo ziwe na yao, waimbaji yao.

SWALI. Fundi mambo. Maiki yangu ya kujiundia ina transfoma, nyumba ya bati, kila kitu. Matatizo mawili. Kuna mngurumo wa stima hata nikishika nyumba ya maiki. Pili, kaskazi ilikuwa sawa, ulipoingia msimu wa mvua yaanza kutoa mlio wa kupasuka pasuka, saa zingine sauti yapungua yenyewe alafu yarudi. Nimebadilisha transfoma lakini bado. — M., Likoni

JIBU. Poa. La mngurumo ni fupi. Kushika nyumba hakubadilishi kitu kwa sababu unachonasa ni sumaku, na bati la aluminiamu au shaba haliizuii sumaku ya hezi 50. Transfoma yataka kofia yake ya mu-metali. Ikiwa huna, kwanza toa maiki karibu na feni, adapta ya laptopu na friji, alafu legeza transfoma, vaa hedifoni, izungushe pole pole pande zote. Kuna upande mngurumo utazama karibu wote, hapo ndipo uigandishe. Angalia pia zile risista mbili za 6.8k kwenye miksa au kisanduku cha fantomu kama ulijiundia, standadi yataka zisitofautiane zaidi ya asilimia 0.4. Zikitofautiana DC ya pini 2 na ya pini 3 haziuani nguvu na transfoma yabaki na sumaku ya kudumu, na ule uwezo wa kufuta kelele za waya wapungua.

La kupasuka pasuka hilo ndo letu sisi watu wa pwani. Transfoma ulibadilisha bure, samahani kwa gharama. Mbele ya FET, pale geti (mguu wake wa kuingilia) inapokutana na kapsuli, kuna risista ya giga moja, omu bilioni moja. Hapo hata unyevu wa hewa ya bahari uliolala juu ya bodi, na chumvi yake, na mabaki ya fluksi ya solda, na jasho la kidole, vyote ni waya. Kapsuli yataka volti kama 60 za kuichaji. Risista yako ya kuchaji ikiwa giga moja na uchafu ukawa giga moja kwenda ardhini, volti zimegawika nusu, zimebaki 30, na sauti imeshuka desibeli 6. Ndo huko kupungua kwenyewe. Kupasuka ni uvujaji unaoruka ruka. Na upande wa geti uvujaji ukishusha ile giga ikawa megaomu 100, pikofaradi zako 60 zaanza kupoteza besi kutoka hezi 26 badala ya 2.6, kwa hivyo watu wasema transfoma yangu haina besi na transfoma haina kosa.

Fanya hivi. Safisha bodi yote na aisopropili ya asilimia 99, ile spiriti ya duka la dawa ya 70 ina maji ndani haifai. Tumia brashi laini, osha, rudia na spiriti mpya, kausha kwa joto la taa saa kadhaa. Alafu mguu wa geti wa FET usipite kwenye bodi kabisa, uinue, kiungo chake na risista ya giga na waya wa kapsuli kikutane hewani ama juu ya kigingi cha teflon. Baada ya kusafisha usiguse hapo kwa mkono, shika na koleo. Waya wa kapsuli uwe mfupi wenye ganda la teflon.

Kuweka: sanduku lisiloingiza hewa na pakiti za silika jeli, na jeli ikigeuka rangi uikaushe kwa oveni irudi kazini. Na mtego mwingine ambao wawanasa wengi hapa, ukitoka na maiki kwenye chumba cha ac ukaipeleka uani au ukumbini, baridi ya chuma yavuta maji ya hewa yote juu yake. Iache ndani ya sanduku lililofungwa mpaka ishike joto la nje, ndipo uitoe uiwashe.

Kapsuli yenyewe usiitie spiriti wala brashi. Kiwambo chake ni plastiki nyembamba ya maikroni chache iliyopakwa dhahabu, dhahabu ikitoka haina dawa. Ikiwa umemaliza yote hayo na bado yapasuka, azima kapsuli nyingine ujaribu kwa bodi hiyo hiyo, utajua ni ipi.